Adapta ya Kusomea Diski za Kompyuta Zilizokufa: Ununue Ipi?

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari mjini Morogoro ameniandikia akieleza kwamba kompyuta tatu zimemfia ndani ya mwaka mmoja. Ya kwanza ni kompyuta mpakato ya zamani yenye diski ya gigabaiti 500. Ya pili ni kompyuta ya mezani ya ofisi ya taaluma yenye diski ya terabaiti 1. Ya tatu ni kompyuta mpakato mpya ambayo fundi alipoifungua alitoa kikadi chembamba mfano wa kipande cha rula, akamwambia kwamba hicho ndicho diski yake. Humo mna matokeo ya wanafunzi ya miaka sita, mitihani aliyoitunga mwenyewe, na picha za marehemu mama yake. Dukani alionyeshwa waya mfupi wenye soketi ya diski upande mmoja na USB upande wa pili, kasha la alumini, na doki ya kusimamishia diski mbili yenye chaja yake. Muuzaji akamsifia zaidi kasha jingine lililoandikwa gigabiti 20 kwa sekunde, akisema kwamba hilo linashinda vyote. Mwalimu anauliza anunue kipi, na kama kimoja kinaweza kumtosha kwa diski zote tatu.

Mwalimu, pole sana. Nianze na lililo jema: kompyuta ikifa, diski yake mara nyingi huwa hai. Kinachoungua kwa kawaida ni ubao mama au sehemu ya umeme, na diski hubaki na kila ulichokiweka, ikisubiri kusomwa na kompyuta nyingine. Adapta ni mkalimani baina ya lugha ya diski na lugha ya tundu la USB. Lakini mkalimani huyu ana kazi ya pili ambayo wauzaji hawaitaji, nayo ni kuilisha diski umeme, na katika miaka yangu ya kushughulikia diski za watu nimeona kazi hiyo ya pili ikikwamisha wengi kuliko ya kwanza.

Kifaa kimoja hakitakutosha. Viwili vitakutosha, na kile cha gigabiti 20 hakimo katika hivyo viwili. Nunua adapta ya SATA, ambalo ni jina la aina ya mdomo wa diski zako mbili za kwanza, inayokuja na chaja yake ya volti 12, ambayo itasoma diski ya kompyuta mpakato ya zamani na ile ya mezani. Halafu nunua kasha la M.2, yaani la kile kikadi chembamba, linalosoma kadi za aina zote mbili, za SATA na za NVMe, nami nitazieleza chini. Naomba unifuate nikueleze sababu, kwa kuwa ukizielewa hutahitaji kumtegemea muuzaji.

Anza kwa kuzitazama diski zenyewe. Ile ya kompyuta mpakato ya zamani ina upana wa karibu sentimeta 7 na huitwa diski ya inchi 2.5, ile ya mezani ni pana na nzito zaidi, nayo huitwa ya inchi 3.5. Ukizigeuza utaona kwamba zote mbili zina mdomo uleule: ulimi mfupi wenye pini 7 za data, na kando yake ulimi mrefu wenye pini 15 za umeme, kila ulimi ukiwa na umbo la herufi L ili mtu asiweze kuuchomeka kinyume. Huo ndio mdomo wa SATA, ambao ulianza kutumika mwaka 2003 na kuchukua nafasi ya mdomo wa zamani uitwao IDE. Diski za IDE zinatambulika kwa safu mbili za sindano, 44 kwa zile ndogo na 40 kwa zile kubwa, nazo zinahitaji adapta ya aina yake. Kwa ukubwa uliotaja, diski zako zote mbili ni SATA, kwa sababu diski za IDE hazikuwahi kufika ukubwa huo katika maumbo hayo.

Mdomo kuwa uleule ndiko kunakowachanganya watu. Katika zile pini 15 zinapita njia za umeme wa volti tofauti, ikiwamo volti 5 na volti 12. Diski ya inchi 2.5 hutumia volti 5 peke yake, na volti 5 ndizo ambazo tundu la kawaida la USB hutoa. Diski ya inchi 3.5 huhitaji volti 5 kwa ajili ya ubao wake wa elektroniki na volti 12 kwa ajili ya mota inayozungusha sahani, yaani visahani vya ndani vinavyohifadhi data. Kwa hiyo ule waya mfupi ulioonyeshwa dukani, ambao hauna chaja, utasoma diski ya kompyuta mpakato lakini hautaizungusha kamwe diski ya mezani. Ukiichomeka hutasikia mlio, hutahisi mtetemo, na kompyuta haitaona kitu. Nimeletewa diski kadhaa zilizokwisha kutangazwa kuwa zimekufa kwa sababu hiyo tu, na zilipopata volti 12 zikaamka na mafaili yote yakiwa mahali pake.

Soma lebo ya diski yako ya mezani. Pembeni ya namba ya toleo utakuta maandishi madogo yenye +5V na +12V, kila moja ikifuatiwa na kiasi cha ampea. Ampea hizo ni za wakati diski imeshatulia. Inapoanza kuzunguka, sahani zikiwa zimesimama kabisa, mota ya diski ya inchi 3.5 inaweza kuvuta karibu ampea 2 za volti 12 kwa sekunde chache, na ndiyo maana adapta nzuri huja na chaja iliyoandikwa volti 12, ampea 2 au zaidi. Hapa naomba uwe mwangalifu sana. Chaja za ruta na za ving'amuzi nazo nyingi ni za volti 12, na kichwa chake cha mviringo huingia sawasawa katika tundu la adapta ya diski, lakini nyingine hutoa ampea 1 tu. Mtu aliyepoteza chaja halisi huazima ya king'amuzi, na diski huanza kuzunguka, huishiwa nguvu, husimama, halafu huanza tena. Mzunguko huo wa kuanza na kusimama huichosha diski ambayo labda ilikuwa nzima. Chaja ya kompyuta mpakato ni hatari zaidi, kwa kuwa nyingi hutoa volti 19, na volti hizo zikiingia katika adapta iliyotengenezwa kwa volti 12, adapta na diski vyote viwili vinaweza kuungua kwa mara moja. Siku utakayonunua adapta yako, andika kwenye chaja yake kwa kalamu ya wino usiofutika kwamba ni ya diski.

Diski ndogo nayo ina shida yake ya umeme, ingawa ni ya kimyakimya. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa hadi miliampea 500, na la USB 3.0 hadi miliampea 900, ilhali diski nyingi za inchi 2.5 huvuta karibu ampea 1 zinapoanza kuzunguka. Kwa kawaida tundu huvumilia, lakini si kila mara. Mama mmoja aliniletea diski ya mwanawe ambayo ilikuwa ikitoa mlio wa tik, tik, tik, kisha kimya, kisha tena tik, na alikuwa ameambiwa kwamba kichwa cha kusomea kimevunjika. Nilimwomba anionyeshe alivyoiunganisha. Alikuwa ameichomeka katika tundu la mbele la kompyuta ya mezani kupitia waya mwembamba wa kurefushia wenye urefu wa zaidi ya mita moja. Waya mwembamba ukiwa mrefu hupoteza sehemu ya volti njiani, kwa hiyo zilizofika kwenye diski hazikutosha kuifikisha mota kwenye kasi yake, na diski ikawa inajaribu na kukata tamaa. Tuliondoa waya ule, tukaichomeka kwa waya mfupi katika tundu la nyuma lililo kwenye ubao mama wenyewe, na ikasoma. Ndiyo maana napendelea upate adapta moja yenye chaja hata kwa diski ndogo: diski ikipata umeme wake kutoka kwenye chaja, udhaifu wa tundu la USB haukuhusu tena.

Upo upande wa pili wa jambo hili, nao ni umeme wa ukutani kukatika. Ukinakili kwa kutumia kompyuta mpakato yenye betri na diski ndogo inayolishwa na USB, umeme wa nyumba ukikatika kazi huendelea. Ukitumia adapta yenye chaja, kompyuta hubaki inawaka lakini diski huzimika katikati ya kusoma. Kwa diski unayoisoma tu, hilo kwa kawaida halifuti kitu, lakini kwa diski unayoiandikia linaweza kuharibu mpangilio wa mafaili. Kama una UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme wa nyumba ukikatika, hata ndogo ya kompyuta moja ya ofisini, chomeka chaja ya adapta humo. Kama huna, hakikisha kwamba diski inayopokea nakala ndiyo inayolishwa na betri ya kompyuta, na ile ya zamani inayosomwa ndiyo iliyo kwenye chaja.

Ndani ya adapta mna chipu ya mkalimani, na hiyo ndiyo inayotofautisha adapta mbili zinazofanana kwa sura na kuachana kwa bei. Chipu za SATA zinazopatikana mara nyingi ni za kampuni za JMicron na ASMedia, kwa mfano JMS578 na ASM1153E, na zote hizo mbili zinafaa. Neno la kutafuta kwenye boksi ni UASP. Adapta isiyo na UASP hufanya kazi kama mama ntilie anayepokea oda ya mteja mmoja, akaenda jikoni, akaleta sahani, ndipo akamsikiliza mteja wa pili. Yenye UASP husikiliza wateja wengi kwa mpigo na kuacha jiko lipange lipi litoke kwanza. Kwa faili moja kubwa la video tofauti ni ndogo, lakini kwa maelfu ya mafaili madogo, kama hayo matokeo na mitihani yako, tofauti huonekana, hasa diski ikiwa ni SSD, yaani isiyo na sahani zinazozunguka. Windows inakubali UASP tangu toleo la 8, na Linux na macOS za miaka ya karibuni nazo zinaikubali. Ukitaka kuhakikisha badala ya kuamini boksi, tumia kompyuta yenye Linux, andika amri ya lsusb -t, na utaona kama adapta imepewa kiendeshi kiitwacho uas au usb-storage. Kwenye Windows majina hayo ni uaspstor na usbstor.

Chipu ina jambo jingine ambalo kwangu ni kubwa kuliko kasi: iwe inapitisha taarifa za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe. Chipu duni huzuia rekodi hiyo, na wewe unabaki kunakili bila kujua kama diski ina siku nyingi au dakika chache mbele yake. Nitairudia chini.

Sasa kuhusu kasi, ambayo ndiyo muuzaji aliyoishikilia. Kwanza tenganisha gigabiti na gigabaiti, kwa kuwa baiti moja ina biti 8. USB 2.0 imeandikwa megabiti 480 kwa sekunde, na kwa kunakili mafaili utapata megabaiti 35 hadi 40. USB 3.0, ambayo viwango vyake vilitolewa mwaka 2008, ni gigabiti 5, na kwa vitendo hufika megabaiti 400 na zaidi kidogo. Wenye viwango wameipa majina mapya mara mbili tangu hapo, kwa hiyo ukikuta boksi limeandikwa USB 3.0, USB 3.1 Gen 1 au USB 3.2 Gen 1, ujue kwamba vyote vitatu ni kitu kilekile cha gigabiti 5. Diski ya sahani ya kompyuta mpakato, hata ikiwa na afya, husoma karibu megabaiti 100 kwa sekunde kwenye ukingo wa nje wa sahani na hupungua kadiri kichwa kinavyoelekea katikati. Hivyo adapta ya gigabiti 5 tayari ina nafasi mara nne ya uwezo wa diski yako, na kuinunulia adapta ya gigabiti 20 ni sawa na kuijengea barabara ya njia nane baiskeli.

Tofauti unayopaswa kuiogopa ni ile ya USB 2.0. Gigabaiti 500 kwa megabaiti 35 kwa sekunde huchukua karibu saa 4. Kwa megabaiti 100 huchukua saa 1 na dakika 23. Terabaiti 1 kwa USB 2.0 inakula siku nzima ya kazi. Kwa hiyo hakikisha kwamba adapta, waya na tundu la kompyuta vyote vitatu ni vya USB 3, maana kimoja kikiwa cha 2.0 safari nzima huwa ya 2.0. Tundu la USB 3 la umbo la kawaida mara nyingi ni la buluu, na ukilichungulia utaona pini 5 za ziada kwa ndani, nyuma ya zile 4 za zamani. Kama adapta inatumia waya wa USB-C, tumia ule uliokuja nao kwenye boksi, kwa sababu nyaya nyingi za kuchajia simu zina umbo hilohilo lakini ndani yake zina njia za USB 2.0 tu. Kuhusu gigabiti 20 za muuzaji, kasi hiyo hupatikana iwapo tundu la kompyuta nalo limetengenezwa kwa ajili yake, na matundu ya namna hiyo ni machache. Ukilichomeka kasha hilo katika kompyuta ya shule yenye matundu ya buluu, litashuka hadi gigabiti 5, na pesa ya ziada itakuwa imekwenda bure.

Nije kwenye kile kikadi, ambacho ndicho chenye mitego mingi zaidi. Kadi hiyo inaitwa M.2. Upana wake ni milimita 22, na urefu wake huandikwa pamoja na upana: 2280 ina urefu wa milimita 80, 2242 ina milimita 42, na 2230, inayopatikana katika kompyuta mpakato nyingi mpya, ina milimita 30. Ipime kwa rula kabla ya kwenda dukani, kisha hakikisha kwamba kasha lina tundu la skrubu au kishikizo kwa urefu huo. Isiposhikwa huinuka kama ubao wa bembea na kupoteza mguso katikati ya kunakili.

Umbo la M.2 halikuambii kadi inazungumza lugha gani. Nyingine huzungumza SATA, sawa na zile diski mbili za kwanza, na nyingine huzungumza NVMe, ambayo ni lugha tofauti kabisa. Tazama ukingo wenye meno ya dhahabu. Ikiwa una mapengo mawili, moja kila upande, kadi hiyo karibu kila mara ni ya SATA. Ikiwa una pengo moja linalobakisha meno 5 upande wa uso wa kadi, karibu kila mara ni NVMe. Nimesema karibu kila mara kwa sababu zipo kadi za NVMe zenye mapengo mawili, kwa hiyo neno la mwisho ni la lebo: tafuta herufi SATA, NVMe au PCIe (hii nayo huashiria NVMe), na zisipokuwepo, tafuta namba ya toleo kwenye intaneti. Makasha mengi, hasa yanayotumia chipu ya JMS583 au ASM2362, husoma NVMe tu. Kadi ya SATA yenye mapengo mawili huingia ndani yake vizuri, skrubu ikakazwa, taa ikawaka, na kompyuta isione chochote, na hapo tena diski nzima ikahukumiwa kuwa imekufa. Kasha lenye chipu ya RTL9210B ya Realtek husoma lugha zote mbili, na kwa mtu ambaye kesho ataletewa kadi ya mwalimu mwenzake, ndilo ninalopendekeza.

Chagua la alumini wala usikubali la plastiki. Kadi ya NVMe hupata joto kali inaposoma mfululizo, na ikishavuka kiwango fulani hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ndani ya boksi utakuta kipande laini cha mpira wa kijivu au buluu cha kupitishia joto. Kibandue karatasi pande zote mbili, ukiweke juu ya chipu za kadi, ili kifuniko cha alumini kikiguse. Nimefungua makasha ambayo kipande hicho kilikuwa bado kimefungwa ndani ya mfuko wake.

Kabla hujalipia kasha hilo, kuna jambo moja la kuhakikisha, kwa maana adapta yoyote haiwezi kulitatua. Kompyuta mpya zenye Windows 10 au 11 mara nyingi huifunga diski kwa usimbaji wa BitLocker bila mwenyewe kukumbuka kwamba aliukubali. Kadi ya namna hiyo ikichomekwa katika kompyuta nyingine itaomba ufunguo wa kurejeshea wenye tarakimu 48, na bila ufunguo huo yaliyomo hayasomeki. Ikiwa uliingia kwenye kompyuta ile kwa akaunti ya Microsoft, huenda ufunguo umehifadhiwa katika akaunti hiyo. Ingia kwa kutumia kompyuta nyingine au simu, ufungue ukurasa wa vifaa vyako, na uuandike ufunguo huo kwenye karatasi. Ikiwa kompyuta ni ya shule, muulize aliyeiandaa.

Ile doki ya diski mbili uliyoonyeshwa ni kifaa kizuri, nayo inaweza kuchukua nafasi ya adapta ya SATA niliyoitaja, kwa kuwa ina chaja yake na husoma diski kubwa na ndogo. Nina sababu moja ya kutokuipendekeza kwako. Doki nyingi za diski mbili zina kitufe cha kunakili diski moja juu ya nyingine bila kompyuta. Tundu moja ni la chanzo na jingine ni la mpokeaji, na ukizikosea, doki itaandika diski tupu juu ya diski yenye picha za mama yako, na haitakuuliza mara mbili. Ukiinunua, chomeka diski moja tu kwa wakati mmoja mpaka kazi yote ya uokoaji iishe. Jua pia kwamba baadhi ya doki na adapta, zikipewa diski inayozidi terabaiti 2, hubadilisha ukubwa unaoonyeshwa kwa kompyuta wa sekta, yaani vipande vidogo ambavyo diski hugawia data. Diski iliyofomatiwa humo inaweza kuonekana tupu ukiihamishia kwenye adapta nyingine, ingawa data ipo. Zako ni ndogo kuliko hapo, lakini ukinunua diski mpya kubwa ya nakala rudufu, isome daima kwa adapta ileile iliyoifomati.

Siku ya kunakili, tayarisha kwanza mahali pa kupokelea, penye nafasi ya kutosha. Laza diski ya zamani juu ya meza bapa kabla ya kuwasha chaja, na usiisogeze ikiwa inazunguka, kwa sababu kichwa chake huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo mno. Weka kiganja juu yake: unapaswa kuhisi mtetemo laini ukipanda na kutulia ndani ya sekunde chache. Ukisikia kugonga kunakojirudia ilhali umeme unatosha na waya ni mfupi, au sauti ya kukwaruza, zima mara moja na uipeleke kwa watu wanaofungua diski katika chumba kisicho na vumbi. Kuna ushauri unaozunguka wa kuiweka diski kwenye friza. Usiufuate, kwani unyevu unaoganda ndani huharibu sahani.

Ikitulia, fungua programu ya CrystalDiskInfo usome ile rekodi ya SMART. Mistari ya kutazama ni 05, inayohesabu sekta zilizokwisha kubadilishwa, na C5, inayohesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaziamulia. C5 ikiwa na namba isiyo sifuri, diski inaumwa. Katika hali hiyo anza na picha za mama, kisha mitihani, kisha matokeo ambayo huenda nakala zake za karatasi zipo shuleni. Windows ikikuuliza kama unataka kuifomati diski au kuikarabati, kataa vyote viwili, kwa sababu ukarabati huandika juu ya diski ambayo bado hujaiokoa. Ikisema kwamba huna ruhusa ya kufungua folda ya mtumiaji wa zamani, hilo si ugonjwa. Kubali kupewa ruhusa na usubiri. Na kunakili kukikwama mara kwa mara kwenye mafaili yaleyale, acha kulazimisha. Tumia programu ya ddrescue kwenye Linux, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, ikaweka kumbukumbu ya zilizokataa, na kuzirudia mwishoni.

Ukimaliza, usiitazame hesabu ya gigabaiti peke yake. Fungua picha kadhaa kutoka folda tofauti, fungua mtihani wa mwaka wa kwanza na wa mwisho, fungua jedwali la matokeo uone kama majina na alama vimo. Nakili tena yote katika sehemu ya pili, iliyo mbali na ya kwanza. Diski tatu za zamani zifunge kwenye mifuko yake, uandike tarehe na kilichomo, uziweke kabatini bila kuzifuta, walau mpaka mwaka wa masomo uishe na uwe umeyatumia mafaili hayo mara nyingi kiasi cha kujua kwamba hakuna lililokosekana.